Lumbesa

Dirisha la buluu lilijitokeza katikati ya barua ya Chilongani,
palepale kwenye "Yah:", kabla sijataja shamba.
Hongera, likaniambia. Mfumo mpya uko tayari. Bure.
Likanivika kilemba cha ukoka, nami sijaomba kitu.

Hapa Kibaigwa, bure tunaijua kwa uzito.
Tumeiona imeshonewa juu ya gunia la mahindi,
kilemba kingine, cha nyavu na kamba ya katani,
debe zima linalopanda lori bila kupanda kwenye hesabu.
Mnunuzi huiita lumbesa.
Mkulima haiiti chochote. Hukunja noti zake, akapangusa vumbi.

Basi nikavuta kiti. Nikasoma mpaka maandishi madogo,
yale ya ukubwa wa punje ya uwele.
Bure kwa mwaka mmoja:
mwaka wa kutumia, au mwaka wa kuja kuchukua?
Nikarudia mara tatu. Ni wa kuchukua.
Ukishachukua ni chako hadi mashine ife.
Sawa. Hapo hawakunipunja.

Lakini gigabaiti tatu na nusu za kupakua, mlipaji nani?
Bando langu la wiki hufa Jumatano.
Na printa hii aliyoniachia Nyemo alipohamia Mpwapwa,
inayokohoa kabla ya kila ukurasa,
itasikilizana na mgeni?
Hilo hakuna aliyeliandika.

Chini kabisa, kisanduku kimeshatiwa tiki bila mkono wangu:
Nakubali mnijue zaidi.
Mnijue mimi, au barua za watu?
Talaka ya mama Mbeleje imo humu.
Nikaing'oa ile tiki.

"Imeharibika?" akauliza Chilongani.
"Hapana. Inapewa zawadi."
"Mbona unaitazama kama mizani ya dalali?"

Jumamosi nikanunua bando la usiku.
Barua zote nikazihamishia kwenye flashi,
flashi nikaifunga pindoni mwa khanga,
ndipo nikabonyeza ndiyo.
Asilimia tisa. Upepo ukapiga bati. Asilimia tisa.

Asubuhi kila kitu kilikuwa kimehama mahali pake,
kama nyumba iliyofagiliwa na mkwe.
Printa ikakohoa. Ikanyamaza.
Ikakohoa tena.

Siku thelathini, wameandika, unaweza kurudi ulikotoka.
Nimezichora ukutani kwa chaki.
Leo nimefuta ya nne.