Herufi Tatu

Wenzako wanafuga kuku, asema mama,
wewe wafuga maiti.
Hakosei sana. Chumbani kwangu, hapa Walukuba,
zimelala kumi na moja,
na ya kumi na mbili iko chini ya kitanda
kwa kuwa bado sijamwambia.
Kompyuta ya ofisi ya hesabu, tangu kiwanda cha nguo kifungwe,
vibonye vyake njano kama meno ya mvuta kiko.
Herufi R haipo. Aliing'oa nani, kwa kazi gani?
Televisheni ya kichogo, haifumbui macho bila kofi.
Konsoli niliyoinunua kwa kilo, pamoja na sufuria zilizotoboka,
kwa Kirunda wa vyuma chakavu,
aliyeipima, akanitazama usoni, akapandisha bei.

Huniuliza: za nini?
Nimejibu mengi, mengine ya uongo.
Nimesema zitapata thamani. Hazijapata.
Nimesema nitafundishia watoto. Watoto wana simu.
Labda ni skrubu tu.
Simu yangu imezibwa kwa gundi, haina mlango,
ikiugua hunishauri ninunue nyingine.
Hizi zina skrubu nne mgongoni,
na mwenye bisibisi hapigi hodi mara mbili.
Ndani naikuta kazi ya mkono:
tone la risasi lililovuka mpaka wake kidogo,
mtu fulani, siku fulani,
alichoka ikikaribia saa ya kwenda nyumbani.
Uchovu ule naujua.

Katriji hii ilikuwa ya kibanda cha Mudhasi,
shilingi mia kucheza, mia mbili ukitaka na kiti.
Naigaga alicheza wima.
Miaka kumi na mmoja, katumwa maji,
jerikani linamngoja mlangoni kama mbwa.
Alitupiga sote, wavulana na ndevu zetu za kuotea,
kisha, penye nafasi ya herufi tatu, akaandika
NAI
na kwao wakahamia Mbale.

Miaka ishirini na sita jina limekaa kileleni
likilishwa na betri bapa kama sarafu.
Juzi nimeipima: volti mbili na chenji.
Ukiiacha, itakufa na jina.
Ukiibadilisha, jina litafia mkononi mwako.

Nikampigia. Namba niliipata kwa shemeji wa shemeji.
Akacheka hata mwanawe akauliza, nani huyo?
"Futa bwana. Nitakuja niandike upya."
Kimya.
"Kwani zilikuwa pointi ngapi?"
Nikamtajia.
Akazirudia polepole, kama anayehesabu chenji sokoni.
"Basi usifute."

Njia ipo. Waunga betri ya pili ubavuni mwa ile ya kwanza,
kama mtu atiaye bega chini ya gunia
mwenzake apate kubadili lake.
Nikasugua miguu ya saketi kwa pamba na waragi
(tone kwa katriji, funda kwa fundi),
nikafunga pumzi,
nikasogeza chuma,
umeme ukakatika.

Hapa Jinja! Penye bwawa!
Taa tunawapelekea wengine.

Mama akaja na sigiri bila kuitwa.
Tukapasha makaani kile chuma cha zamani
cha kuzibia ndoo, chenye ncha ya shaba,
yeye kashika mwanga wa simu,
ile ya gundi, nayo ikapata la kufanya.
"Huyu si yule binti wa jerikani?"
"Ndiye."
"Alikuwa akipita mbio, ananimwagia maji kizingitini."
Akasogeza mwanga karibu zaidi.
"Taratibu. Mkono wako unatetemeka."

Risasi ikayeyuka, ikang'aa, ikaganda.
Umeme haujarudi, sijui kama jina limepona.
Nakaza skrubu ya tatu kwa kupapasa
mama akizoa majivu, akiniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:
"Na ile ya chini ya kitanda,
ina jina la nani?"