Kurasa Kumi na Sita za Mwisho

Vitatu kwa riali moja,
ameandika Chakko kwa wino mzito
ubavuni mwa boksi la mafuta ya kupikia,
na chini yake, kwa herufi zenye haya:
vimepungua kidogo.

Julai kiyoyozi cha ghala lake kilikufa.
Fundi alikuwa kwao, harusini kwa mdogo wake,
na Ruwi ilikuwa nyuzi arubaini na nane,
lami inashika kandambili usiziachie.
Gundi ikayeyuka migongoni mwa vitabu,
kurasa zikaachana kimyakimya
kama mtu na mkewe waliochoka kugombana.
Zikaanza za mwisho. Kwa nini za mwisho?
Chakko anainua mabega: joto, dada,
halijui kusoma, limeanzia lilipofikia.

Sasa Septemba inajikokota kwisha.
Mchana bado unauma, ila kwa fizi.
Jioni nashika komeo la geti bila kitambaa.
Nimechutama mbele ya boksi, napekua majalada laini,
hiki kina duara la kikombe cha chai,
hiki kimeandikwa ndani "Kwa Maureen, usiku mwema,"
na hiki, kisu na limau juu ya sahani.
Nikachukua cha kisu. Viwili vya mapenzi nikavitia juu yake
ili riali itimie.

Mawaleh, juu ya dari, mkeka, chupa ya chai.
Tangu Mei hatujakaa hapa.
Shangazi Shawana ametanguliza mto na masikio,
macho yake siku hizi hayaoni herufi, yanaona chungu tu.
Kiingereza kinaniingia kwa jicho
kinatoka mdomoni Kiunguja:
bwana mkubwa kafa mezani, supu haijapoa,
nje theluji imeziba njia.
"Theluji ya nini tena? Nyumba yote hiyo hawana jiko?"
Wanalo, shangazi. Wana na mpishi.
"Ehe."

Usiku wa nne, ukurasa wa mia tatu na nne,
mpelelezi kafunga mlango, kawatazama mmoja mmoja:
muuaji yumo humu chumbani, naye ni

kadibodi.

Nikageuza. Nikatikisa. Uzi mmoja wa gundi ukaning'inia.
Shangazi alicheka hata chai ikampalia.
Kisha akasema, taratibu, kama anayepima chumvi:
"Mpishi hakuua.
Mpishi hana nafasi ya kuua. Nani angeangalia mchuzi?"

Nilijua alipika bweni la wasichana, Sohar,
miaka ishirini na sita, sufuria za kuogea mtoto.
Sikujua ule mwaka wasichana arubaini walilala na matumbo,
na wa kwanza kuitwa ofisini alikuwa yeye,
aproni bado kiunoni.
"Wiki nzima wakinipima kwa macho.
Nikionja chakula mbele yao, kijiko kwa kijiko,
kama mwizi anayehesabishwa alichoiba."
Akanywa chai.
"Ilikuwa tangi la maji. Njiwa kafia humo.
Hakuna aliyerudi kuniambia samahani.
Haya, soma cha mapenzi."

Juzi, kwenye duka kubwa lenye ngazi zinazotembea,
nikakiona: kisu, limau, sahani,
kizima, kimekaza mgongo,
riali nne na baiza mia tano.
Nikatazama kushoto, nikatazama kulia,
nikafungua nyuma.
Nikasoma mistari sita.
Nikakirudisha, uso wake ukutani.

Nilipofika nyumbani alikuwa anachambua mchele
kwa vidole, kwa kusikia.
"Hukukiona kile kizima huko mjini?"
Kuna upepo mdogo ulipita, wa kwanza wa mwaka,
ukapeperusha makapi kwenye sinia.
Sikukiona, nikasema.
"Bora," akasema, akapuliza.
"Na yule Mhindi wako,
anavyo vingine visivyo na mwisho?"