Chini Kushoto

Saa mbili kasorobo simu inatikisika mfukoni.
Si mke, si msimamizi, si mtu wa kudai.
Ni mswaki.

Mswaki wa binti yangu, huko Pipeline, ghorofa ya sita,
unanitafuta mimi, soja wa lango la Kileleshwa,
kuniarifu kwamba Mutheu amefungua kinywa.

Daktari Nyaboke wa kliniki ya meno alituazima,
wiki sita tu, tukatia sahihi:
mpini mnene kama tochi, taa shingoni,
ukikandamizwa unaguna,
ukisahauliwa unanung'unika.
"Mtoto hasugui vibaya kwa ukaidi," alisema.
"Hajui tu alikopita na ambako hajapita."
Nikaitikia kwa kichwa, mdomo nimeufunga.

Basi nasimama chini ya taa ya lango
na kinywa cha mwanangu kiganjani:
safu mbili za meno, yote kijivu,
halafu moja linawaka kijani, la pili, la tatu,
kama jengo hili ninalolilinda
wapangaji wanaporudi kutoka kazini.
Hapa wa nyumba ya tisa ndiye huchelewa kuwasha.
Kule ni gego la nyuma, chini kushoto,
linabaki jekundu.

Usiku wa kwanza jekundu. Wa pili jekundu.
Nikapiga simu: "Ndunge, mwambie huyo
sebuleni amefagia, uvunguni bado."
Nikasikia maji yakimiminwa kikombeni kwa kipimo
(kwetu mfereji hutoka Jumanne na Ijumaa),
nikasikia mngurumo, na mtoto akicheka na povu.
"Anasugua kama sufuria ya ugali," mama yake akalalamika,
"ndiyo maana kidude kinaguna."
Taratibu, nikasema. Kama unampangusa paka.
Hatuna paka. Lakini gego liliwaka.

Kuna siku bando liliisha
nikakesha bila habari,
kama baba wa zamani.

Na kuna siku chenyewe kilikosea.
Mbele juu, katikati, pakawaka nyekundu:
hapajaguswa, hapajaguswa.
Nikacheka peke yangu pale langoni.
Ewe msomi wa betri, nani angekuambia
jino lile lilirushwa Jumapili
juu ya mabati ya kibanda cha mboga,
mimi nikimbeba mabegani,
naye akidai jipya kwa sauti,
kama mtu mwenye risiti?

Wiki ya sita ikafika.
Ndunge akauosha, akaukausha, akaufunga kwa leso,
akaupeleka mwenyewe.
Usiku ule, saa mbili kasorobo, simu kimya.
Niliitazama kama mtu anayengoja mshahara
tarehe ishirini na nane.

Halafu ikalia.
"Baba, una mswaki hapo?"
Ninao, kibandani, wa shilingi thelathini,
nyuzi zimelala kama nyasi za njia ya mkato.
"Weka simu kwa spika. Anza juu, kulia."
Na akaanza kunguruma kwa midomo, vrrr,
mtoto wa miaka saba, bila betri, bila bando,
"hapo umekaa sana, songa,
nje tayari, sasa ndani, vrrr, usikandamize,"
akivuta pumzi kwa haraka ili mashine isizimike.

Nikasugua. Chupa ya maji miguuni,
povu likidondokea beji ya kampuni.
Sikumwambia kuhusu pengo langu,
upande ule nisiouchekea mwaka wa kumi na moja huu,
wala jirani wa pengo, linaloshtuka kwa chai.
Huko huwa napita kama mdaiwa dukani.

"Baba."
Ee.
"Nyuma kule. Chini kushoto."
Umejuaje?
"Nimesikia umepita mbio."

Nyumba ya tisa ikawasha taa.
Nikarudi nyuma, taratibu,
kama ninayempangusa paka.