Matundu Mia Nne

Ulaanbaatar, Februari. Dirisha la kliniki limeganda barafu kwa ndani,
na Daktari Oyunsuren ananivisha miwani mizito ya kijani
kana kwamba tunakwenda kuchomelea geti.

Kovu la Tuguldur lina miaka saba. Mwenyewe ana tisa.
Linaanza kwenye kiwiko, linashuka, linavuta vidole viwili
vikainama kama watu waliopokea habari mbaya.
Dawa tumeipaka miaka yote. Imekaa juu tu,
mgeni anayepiga hodi kwenye nyumba isiyo na mlango.

“Leza haiponyi,” asema daktari. “Inatoboa.
Matundu membamba kuliko unywele,
mia nne kwenye nafasi ya stempu.
Kisha tunadondosha dawa, upesi, kabla mwili haujashtuka ukafunga.”

Tuguldur anahesabu milio. Tik, tik, tik.
Anafika hamsini na tatu, anapotea, anaanza upya.

Halafu harufu.

Hakuna aliyenionya kuhusu harufu:
nywele, ngozi, kitu kilichosogea mno motoni.
Nikajikuta kwenye hema letu la sufi, pembeni mwa jiji,
sufuria ya umeme iko chini, juu ya zulia,
kwa kuwa waya haukufika mezani,
chai ya maziwa inachemka na chumvi yake,
na mimi nimegeuka,
nimegeuka tu,
natafuta kifuniko.

Wanasema yakimwagika hayazoleki.
Yangu yalizoleka.
Yalizolewa na mkono wa mtoto wa miaka miwili.

“Mama, unanibana.”
Nalegeza.

Muuguzi ananipa bomba lisilo na sindano. “Dondosha wewe, ukitaka.”
Tone la kwanza linasimama juu ya kovu,
jeupe, jeupe kabisa kama maziwa,
na hilo pia hakuna aliyenionya.
Linasita.
Linazama.
La pili halikusita.

Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri. Basi limechelewa.
Tuguldur anasukuma mkono wenye bendeji ndani ya glavu;
kidole cha mwisho kinagoma palepale kinapogomaga.
“Bado mara ngapi?”
“Nne.”
Anafikiri, mvuke ukimtoka puani.
“Basi usininunulie glavu kubwa tena.
Ninunulie zenye vidole.”