Rafu ya Tatu

Torbjørg anastaafu Ijumaa. Mvua ya Bergen
haijui sherehe, inanyesha vilevile.
Anafungua jokofu, moshi wa baridi unamlaki usoni;
rafu ya tatu, kichupa chenye wino uliofifia:
*Eldar, mpiga kinanda kanisani, jicho la kushoto.*

"Noti zimemwagiwa maziwa," alisema Eldar siku ile,
akajikunja, sindano ikamwingia kiunoni:
matone kumi na mawili, maangavu, hayana kesi na mtu.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Hiki hakikuwa na nguo ya kukung'utwa:
kinga ya mwili imesahau sura ya mwenye nyumba,
inamenya neva kama muhogo.

Miaka ishirini na sita. Makala mbili zikakataliwa;
ndoa nayo ikakataa, bila maoni ya wahakiki.
Usiku ule kingamwili ilipong'aa kijani kwenye hadubini
alipiga simu. Mke wa Eldar akapokea: "Amelala."
"Basi nitapiga kesho."
"Amelala tangu theluji ya mwaka juzi, daktari."

Leo anamkabidhi Ingunn ufunguo.
"Kimebaki kitone," anasema.
"Siku utakayokimaliza,
mpigie mkewe kwanza."