Kijiti cha Kupimia

Gebhard, tangi limebaki vidole vinne.
Nimeshuka mwenyewe hadi chini, tochi mkononi,
nikachovya kijiti chako cha msonobari,
nikakifuta kwa kitambaa kilekile cha bluu
kisichotakata hata ukifue mara saba.

Mwandiko wako wa penseli bado unasomeka:
Novemba, themanini na saba, limejaa hadi shingoni.
Februari ya baridi kali, kiganja kimoja.
Mwaka aliozaliwa Veit hukuandika kitu.
Ulisahau, au tulipata joto la namna nyingine.

Veit alikuja Jumapili kutoka Linz
na karatasi yenye safu mbili:
kushoto mafuta, kulia vidonge vya mbao.
Amejumlisha, ametoa, ametia ruzuku ya serikali,
amehesabu miaka kumi na mitano mbele.
Nikamuuliza, mimi umeniweka safu ipi?
Hakucheka. Alikula keki, akaosha sahani yake.

Ndiyo, wanaviita vidonge, kama vya presha yangu.
Unga wa mbao ulioshindiliwa,
urefu wake pingili ya kidole.
Theres anavyo tangu mwaka juzi.
Anasema boila hujilisha usiku kwa parafujo,
krr, krr, kama panya mwenye adabu.
Majivu, lakini, anayatoa yeye,
na mgongo wake hakuna aliyeuuliza.
Nikamwambia, moto huzaa majivu.
Akasema, haya wajukuu wake ni vitunguu,
njoo uone walivyonenepa.

Mafuta hayana majivu, hilo nakiri.
Boila inaguna chini, basi, miguu imepata joto.
Miaka thelathini na saba yamenitumikia
nami sikuwahi kuuliza yametoka nchi gani,
nani aliamka alfajiri kuyavuta ardhini.

Huku dirishani msitu umejaa mpaka macho yachoke,
na bondeni, kwa Pühringer, msumeno haulali;
lundo la unga wake limepita paa.
Penye miti hapana wajenzi.
Sisi penye miti tulinunua moto wa ng'ambo.

Unakumbuka Januari ile barabara ilipofungwa?
Lori la mafuta lilikwama kwenye kona ya kanisa.
Siku tatu tulilala jikoni, mtoto katikati,
ukalisha jiko la mama yako kiti cha tatu,
kisha cha nne.
Hilo nalo hukuliandika kwenye kijiti.
Veit anasema vidonge havina shida hiyo.
Lori la vidonge lina magurudumu gani, nikamuuliza,
ya malaika?

Kwa hiyo usidhani ni hesabu iliyonishinda.
Wala si bei, ingawa imepanda, imeshuka, imepanda.
Kilichonichelewesha ni harufu.
Ilikuwa kwenye viazi, kwenye mkate siku za mvua,
kwenye koti lako la kazi zaidi ya kote.
Koti nilimpa mtu. Harufu ilibaki chini,
na jioni nyingine nilishuka bila sababu,
nikasimama tu karibu na tangi.
Mtu wa miaka sabini na mmoja,
anavuta pumzi gizani kama mwizi.

Jana nimetia saini. Vidonge.
Mafundi watakuja Alhamisi.
Tangi halipiti mlangoni, lilitangulia ukuta,
kwa hiyo watalikata vipande palepale
na kulitoa kama ng'ombe aliyechinjwa.

Nikauliza, kijiti je, si mti nacho?
Fundi akakipima kwa macho, akatikisa kichwa.
Boila mpya haili kitu kirefu kuliko pingili.

Nimeandika juu yake, chini kabisa ya mistari yako:
Oktoba, vidole vinne.
Mwandiko wangu unatetemeka, utanisamehe.
Kiko nyuma ya mlango, kinangoja Mei,
nikichomeke bustanini maharage yapande.
Theres anasema hayatapanda kitu kinachonuka mafuta.

Tutaona.