Herufi Moja

Kati ya jalala na jalada ni herufi moja tu,
na Bogna Wilczek ameishi hapo katikati
miaka kumi na tisa, chumba cha chini ya ngazi,
upande ule wa Łódź ambako viwanda vya nguo
vimebaki matofali na njiwa.

Jumamosi kabla hakujapambazuka
hutoka na kigari cha kusukumia mtoto
(mtoto mwenyewe ana upara sasa)
akaokota: ramani za tramu, njia zilizong'olewa reli,
mfuko wa saruji, shati la kitani la marehemu
ambalo mjane hakuthubutu kulivaa wala kulichoma,
na kadi ngumu za mitambo ya kufumia,
matundu matundu, kila tundu amri:
inua uzi huu, shusha ule.
Leo hazimwamuru mtu. Zinakuwa majalada,
na taa ikipenya, ua la pazia fulani la zamani
linadondoka juu ya ukurasa mtupu.

Shazia huingia, hutoka. Uzi ameupaka nta
ya mishumaa iliyobaki makaburini Novemba.
Ukiukaza mno, karatasi inachanika.
Ukiulegeza, kitabu kinatapika.
Nani alimfundisha? Vitabu vilivyovunjika.
Maiti humfundisha mwoshaji.

Februari moja, theluji imeziba dirisha,
alikuwa anabandua mgongo wa daftari kuukuu la hesabu,
gundi imeshika kama ukoko wa sufuria,
na chini ya gundi, kipande cha karatasi.
Wajalidi wa zamani walijazia migongo kwa taka;
taka ndani ya taka. Wino wa kahawia, mwandiko wa karani:

Apolonia W., mfumaji, zamu ya pili.
Kachelewa dakika sita. Akatwe nusu siku.

Bibi yake Bogna aliitwa Apolonia.
Lakini Łódź ilijaa kina Apolonia,
na W ni mlango wa majina mengi.

Akaketi. Birika likalia hadi likakauka.
Alifikiri kukitia kwenye fremu.
Alifikiri kumpigia simu mwanawe mwenye upara,
ambaye angesema, Mama, tupa.
Mwishowe akakata shati la marehemu, akachemsha gundi,
akakirudisha kile kipande kilikotoka,
mgongoni, mgongo wa daftari jipya,
asimwambie mtu.
Ila kurasa aliongeza. Sita.

Akalinunua Jumapili kijana dereva wa tramu,
Ziemowit, masikio mekundu kwa baridi.
Alitaka apunguziwe, akapunguziwa.
"Utaandika nini humo?"
"Madeni," akasema. "Nani ananidai, nani namdai.
Na zamu zangu. Nikichelewa wananikata."

Bogna akahesabu chenji mara mbili,
akakosea, akahesabu tena.
"Zile kurasa sita za mwisho," akamwambia,
"kazi usiziandikie."

Kijana akacheka, akadhani ni mzaha wa kizee,
akalisokomeza daftari ndani ya koti,
akatazama saa,
akatoka mbio.